Kuinua Nyumba Kabla ya Kubadilishwa Nyonga

Vijitabu vingi anavyopewa mgonjwa anayesubiri kubadilishwa nyonga vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala kitanda kirefu, anayekaa kwenye kiti chenye mikono, anayejisaidia kwenye choo cha kukaa na anayepika akiwa amesimama. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Tanga, na nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mtaa huu, imezoea maisha ya chini: tunakula mkekani, tunafua tukiwa tumeinama juu ya beseni, tunakuna nazi tukiwa tumeikalia mbuzi, tunapepea mkaa wa jiko lililo sakafuni, tunaswali juu ya msala na kuchuchumaa chooni. Daktari wa mifupa aliponieleza kwamba baada ya upasuaji sitaruhusiwa kuikunja nyonga kupita nyuzi 90, niliielewa hesabu hiyo upesi kwa kuwa nimeifundisha miaka mingi, na nilipoanza kuipima siku yangu kwa pembe hiyo nikaona kwamba karibu kila ninachokifanya tangu alfajiri hadi wakati wa kulala kinaivuka. Ninaandika kwa ajili ya wanaosubiri zamu yao, na zaidi kwa ajili ya watoto wao, maana wao ndio watakaotumwa kwa fundi.

Kwanza nieleze kidogo kinachofanyika, kwa sababu mtu akielewa sababu ya katazo huliheshimu hata anapokuwa peke yake. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo na huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga mithili ya mchi ndani ya kinu, ila katikati yao kuna gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na ute unaovifanya viteleze bila kusagana. Gegedu likilika, mfupa husaga mfupa, na maumivu hujitokeza kwenye kinena, hushuka pajani na mara nyingi humfanya mtu adhani kwamba anaumwa goti. Wengi tunafika hapo kwa umri. Wengine hufika wakiwa bado vijana, hasa wenye selimundu, ambao damu yao huziba kwenye vishipa vidogo vinavyolisha kichwa cha paja hadi mfupa ukafa na kuporomoka. Na kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, msishangae kumkuta kwenye foleni ya kliniki ya nyonga msichana wa umri wa mjukuu wenu.

Katika upasuaji, kichwa kilichoharibika hukatwa, kikombe husafishwa na kuvikwa kikombe kipya, kisha shina la chuma huchomekwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja likiwa limebeba kichwa kipya cha chuma au cha kauri. Upasuaji huu kwa sura tunayoijua leo ulianzia hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, ambako mwaka 1962 daktari John Charnley alianza kutumia kikombe cha plastiki ngumu iitwayo polietilini, baada ya plastiki aliyoitumia awali kulika upesi na kuwarudisha wagonjwa wake kwenye maumivu. Charnley alijipandikizia vipande vya plastiki kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyovipokea, habari ambayo ilinituliza kuliko maelezo yote niliyopewa kliniki. Siku hizi zaidi ya nusu ya nyonga bandia hudumu hata miaka 25, kwa hiyo mtu wa umri wangu hana haja ya kukosa usingizi kwa kuwazia upasuaji wa pili.

Kinachohitaji hadhari ni majuma ya mwanzo. Ili kuifikia nyonga, daktari hupita katikati ya misuli na kulipasua gamba linaloshikilia kiungo, na mpaka nyama hizo zishikane tena, kichwa kipya kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Aliyepasuliwa kwa kupitia nyuma, ambayo ndiyo njia inayotumika sana, huambiwa mambo matatu: asiikunje nyonga kupita nyuzi 90, asiukatishe mguu uliopasuliwa juu ya mwenzake, na asiugeuze mguu huo kwa ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele huwa na masharti mengine, tena mepesi zaidi, na wapo madaktari ambao siku hizi wamelegeza hata yale ya nyuma. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumwuliza daktari, kabla ya kununua chochote, ni hili: utapita wapi, na mimi nitazuiwa nini, kwa muda gani? Jibu mliandike. Jirani aliyefanyiwa upasuaji kwingine atawapa masharti yake kwa nia njema kabisa, na huenda yasiwe yenu.

Kazi ya kuipima nyumba tuliifanya mimi na binti yangu kwa futi ya fundi cherehani. Unasimama umevaa viatu utakavyovivaa ndani, mwenzako anapima kutoka sakafuni hadi mkunjo ulio nyuma ya goti, kisha unaongeza kama sentimita 5. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa cha kila mahali utakapokaa. Ukikaa hapo, magoti yanabaki chini kidogo ya nyonga, na pembe inakuwa salama hata kabla hujaegemea. Tulipoanza kupima, kochi la sebuleni lilishindwa, tena kwa mbali, kwa sababu lile linadidimia likikaliwa, na kinachohesabika ni kimo cha mto ukiwa umeshabonyea. Viti vya plastiki vilikuwa na kimo cha kukaribia, lakini miguu yake hupanuka na kuteleza kwenye sakafu ya saruji, hivyo sivipendekezi hata kidogo kwa mtu anayejiinua kwa mikono. Kilichofaulu kilikuwa kiti cha zamani cha mninga kilichokuwa kibarazani, chenye mikono miwili imara, ambacho seremala alikiongezea vipande vya mbao chini ya kila mguu na kuvipigilia raba ya tairi.

Mikono ya kiti ni jambo la lazima. Kuinuka kunakuwa hivi: unasogea hadi ukingoni mwa kiti, unaunyoosha mbele mguu uliopasuliwa, unaikandamiza mikono ya kiti kwa viganja na kusimama kwa nguvu ya mguu usiopasuliwa, bila kuinamisha kifua mbele. Mtu anayevutwa na wajukuu kwa mikono ili asimame huinama mbele kwanza, na hapo ndipo nyuzi 90 zinapopitwa bila mtu kujua. Mfundisheni kila atakayekuwemo ndani kwamba mgonjwa wa nyonga havutwi.

Kitanda chetu kilikuwa na kimo kizuri cha ubao lakini godoro lilikuwa limechoka katikati. Wengine huinua kitanda kwa matofali, nami nilishauriwa hivyo, lakini tofali la saruji chini ya mguu mwembamba wa kitanda linaweza kupasuka au kuhama pindi mtu anapojisogeza. Seremala alitengeneza vibao vinne vyenye shimo la kuingilia mguu, na kitanda hakijacheza hata siku moja. Upande wa kushukia uwe ule utakaoachwa wazi, pasipo meza, ndoo wala sanduku, na pawepo nafasi ya kuzungusha kile kitembezi cha miguu minne ambacho wauguzi hukiita woka.

Sasa choo. Karatasi niliyopewa na hospitali ilikuwa na mstari mmoja tu juu ya jambo hili, unaosema nitumie choo cha kukaa kilichoinuliwa, na hakuna aliyeniuliza kama ninacho. Sikupendezwa na uchache huo wa maneno, kwa sababu kuchuchumaa ni kuikunja nyonga hadi mwisho wake, na mtu hawezi kuahirisha haja kwa majuma kadhaa. Wenye choo cha kukaa wanahitaji tu kiinuzi cha plastiki kinachopachikwa juu ya bakuli, ambacho maduka ya vifaa tiba ya mijini huuza. Sisi wa choo cha kuchuchumaa tuna kazi zaidi. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea fremu ya mabomba ya chuma yenye miguu minne na mikono miwili, juu yake akaweka kikalio cha choo cha kawaida, na fremu yote ikasimama juu ya tundu huku kimo chake kikifuata kipimo chetu cha futi. Chini ya miguu alivalisha raba. Tuliijaribu kwanza kwa kumkalisha shemeji yangu, ambaye ni mtu wa kilo nyingi, tukamwambia ayumbeyumbe huku na huku. Alicheka lakini alitii.

Yapo mambo madogo ya chooni ambayo hayamo katika karatasi yoyote. Mlango wetu ulikuwa ukifunguka kwa ndani, na ukishaingia na woka huwezi kuufunga wala kutoka bila kujipindua, basi tukaung'oa na kutundika pazia zito. Pana kizingiti cha saruji cha kuzuia maji, ambacho mtu mwenye afya hakioni, lakini mwenye magongo lazima akivuke kwa utaratibu, na fundi akajenga mteremko mdogo pande zote mbili. Kopo la kujisafishia likikaa sakafuni haliwezi kufikiwa. Tulivuta mpira mfupi wa maji wenye kichwa cha kubonyeza na kuutundika ukutani, upande wa mkono wa kushoto, na siku bomba linapokauka ndoo huwekwa juu ya stuli ndefu. Kuoga pia nilikuwa nakaa kwenye fremu ileile, kwa sabuni iliyotiwa ndani ya soksi na kufungwa kwenye mkono wa fremu, kwa sababu sabuni ikishaanguka haiokoteki. Kidonda chenyewe kisiloweshwe mpaka wauguzi waruhusu. Nyuzi au pini za chuma kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Jikoni nilipita haraka, kwa kuwa niliamua mapema kwamba sitapika kwa muda. Hata hivyo jiko la mkaa lilijengewa jukwaa la matofali lenye kimo cha kiuno, vyombo vya kila siku vikatolewa kwenye makabati ya chini na kupangwa mezani, na fagio la chelewa likafungwa kwenye mti mrefu kwa ajili ya siku nitakaporuhusiwa. Mbuzi ya nazi ilihamia kwa jirani, ambaye alikuna na kuniletea tui bila kuambiwa mara mbili. Kufua kwa kuinama hakuna njia ya kukurekebisha. Mtafuteni mtu wa kufua na mlitenge fungu lake tangu mwanzo, kama mnavyotenga la dawa.

Wapo watakaojiuliza kuhusu ibada, nami nilijiuliza kabla ya jambo lolote lingine. Hadithi ya Imran bin Huswain iko wazi: swali ukiwa umesimama, usipoweza basi umekaa, na usipoweza basi kwa ubavu. Kwa nyonga iliyopasuliwa, msala unawekwa mbele ya kile kiti kirefu, na rukuu na sijida zinakuwa kwa ishara ya kichwa, sijida ikiwa chini kidogo kuliko rukuu. Tahadhari moja ni kwamba mtu aliyezoea kusujudu miaka yote huinama kwa mazoea hata akiwa kitini, kwa hiyo katika siku za mwanzo nilimweka mjukuu ubavuni anikumbushe. Kutawadha miguu kulifanywa na binti yangu. Kuhusu kidonda na bandeji, mwulizeni sheikh wenu kabla ya safari ya hospitali, kwa sababu ukiwa wodini na maumivu hutakuwa na subira ya kujifunza.

Mwili nao una maandalizi yake, na mengi ni ya kawaida: sukari na shinikizo la damu viwe vimetulia, mkojo upimwe, jino bovu ling'olewe au lizibwe kabla, kwa maana vijidudu vya kinywani na vya njia ya mkojo vinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye chuma kipya, anayevuta sigara aache, aliyepungukiwa damu aanzishiwe vidonge vya madini ya chuma mapema. Ndugu nao huombwa kuchangia damu, na ni busara kuwakusanya kabla ya siku yenyewe. La kukazia zaidi ni mikono. Kwa majuma kadhaa mabega na viganja ndivyo vitakavyobeba uzito wenu, na mwanamke wa makamo aliyekaa na maumivu kwa miaka huwa amedhoofu bila kujua. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kukaa kwenye kiti chenye mikono na kujiinua kwa viganja mpaka makalio yaachane na kiti, kisha kujishusha taratibu. Pia kulala chali na kuukaza msuli wa juu ya paja kwa kulikandamiza goti kitandani. Hayo niliyafanya kila baada ya swala, ili nisitafute muda mwingine.

Magongo mjifunze kuyatumia kabla ya upasuaji, mkiwa na akili timamu na mguu ambao bado unaujua mwendo wake. Muhimu zaidi ni ngazi. Kupanda, mguu mzima unatangulia, kisha uliopasuliwa na magongo. Kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa vinatangulia, kisha mzima. Mimi niliimba "mzima apande, mgonjwa ashuke" mpaka wajukuu wakaigeuza mchezo wa kuruka barazani. Mipira ya chini ya magongo ichunguzwe mara kwa mara, maana kwenye sakafu yenye maji gongo lililoisha mpira ni hatari kuliko kukosa gongo. Mazulia madogo yakunjwe, mikeka ya njiani iondolewe, kuku wafungiwe, na kandambili zisivaliwe kabisa. Kiatu cha wazi chenye mkanda wa nyuma, kinachoingia bila kuinama, ndicho kinachofaa. Kwa mavazi, wanawake tuna nafuu kwa sababu dera halina taabu. Wenye kuvaa suruali wakumbuke kwamba mguu uliopasuliwa huvalishwa kwanza na kuvuliwa mwisho.

Nimeacha nyuma kwa makusudi jambo ambalo lilinichosha kuliko fundi wote, nalo ni mapenzi ya ndugu. Kwetu mgonjwa hufunikwa, hulishwa na huambiwa alale. Siku za Charnley wagonjwa wa nyonga walilazwa majuma kwa majuma, na huenda ndiyo picha iliyobaki kwa watu. Lakini sasa mgonjwa husimamishwa siku ileile au kesho yake, na kila siku anatakiwa kutembea kidogo zaidi, kwa sababu kulala tu huleta kuganda kwa damu, vichomi, vidonda vya mgongo na misuli kusinyaa. Nilijua kuwa nikirudi nyumbani nikaanza kubishana na wageni nitashindwa, kwa hiyo kabla ya safari niliitisha kikao kibarazani, nikawaita kaka zangu, wifi zangu na majirani wawili, na binti yangu akasoma masharti ya daktari kwa sauti. Hata baada ya hapo wapo waliokuwa wakiniona kwenye woka na kulalamika, "Mwalimu, kaa tu jamani, sisi tupo!" Nikawajibu kwamba kama wapo, basi waje tutembee wote hadi mwembeni na kurudi. Wengine walikuja, nao wakawa msaada wa kweli.

Gumu zaidi lilikuwa kukandwa. Mwanamke wa pwani amekandwa kwa maji ya moto tangu uzazi wake wa kwanza, na mama zetu wanaamini, si bila sababu, kwamba mkono wa moto hutoa uchovu mwilini. Mama mdogo wangu alifika akiwa na chupa ya mafuta ya nazi na nia ya kuuchua mguu wote, kuanzia kiganja cha mguu hadi nyongani. Nilimwachia bega na mgongo, lakini mguu hapana, kwa sababu mbili ambazo nilimweleza kwa heshima: kidonda kibichi hakitaki joto wala mafuta, na ikiwa damu imeganda ndani ya mshipa wa shavu la mguu, kuuchua kunaweza kuling'oa bonge hilo likasafiri hadi kwenye mapafu. Vilevile msimkaribishe mtu yeyote anayejitolea kuuvuta mguu ili "urudi sawa". Katika siku za mwanzo mguu mpya huonekana mrefu kuliko mwenzake hata pale ambapo vipimo vinaonyesha usawa, kwa kuwa misuli iliyojikunja miaka mingi bado haijazoea, na hali hiyo kwa kawaida hupungua yenyewe.

Kwa habari ya kuganda kwa damu, mtapewa sindano za tumboni au vidonge, na huenda mkaendelea navyo hadi siku 35. Dawa hizo zina gharama na hazipatikani kila duka, basi zinunuliwe zote kabla ya kutoka mjini, na asikatishe mtu kwa kuwa anajisikia vizuri. Kila saa ya kuwa macho, chezesheni nyayo juu na chini kama mtu anayekanyaga cherehani. Bandikeni ukutani orodha ya yasiyosubiri kesho: shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma, pumzi ikikata au kifua kikichoma ghafla, kidonda kikitoa usaha au kuanza upya kuvuja, homa isiyo na maelezo, na maumivu makali ya ghafla yanayoambatana na mguu kufupika na kupinda, ambayo ni dalili kwamba kichwa kimechomoka. Namba ya simu ya wodi na ya dereva anayeaminika ziandikwe chini ya orodha hiyo kwa maandishi makubwa.

Wanaotoka mikoani kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji wana suala la safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350, na basi halifai kwa majuma ya mwanzo: ngazi zake ni ndefu, nafasi ya magoti ni finyu na dereva hasimami mtu anapotaka. Mimi nilikaa kwanza kwa mdogo wangu jijini mpaka nyuzi zikatolewa, jambo lililotulazimu kupeleka huko fremu ya choo na kuinua kitanda cha pili. Kisha tukakodi gari dogo. Kiti cha mbele kilisukumwa nyuma hadi mwisho na kulazwa kidogo, mto mgumu ukawekwa juu yake, na juu ya mto mfuko laini wa plastiki. Unageuka mgongo kwenye kiti, unakaa kwanza, halafu unajizungusha na miguu yote miwili pamoja, na ule mfuko unakusaidia kuteleza bila kujikamua. Tulisimama Chalinze, Mkata na Segera, na kila mahali nilishuka kutembea kidogo. Bajaji niliziepuka kwa muda mrefu kwa sababu kiti chake kiko chini na mlango wake humlazimisha mtu kujikunja, na daladala ziliniogofya kwa msukumano wake kuliko kwa ngazi zake. Bodaboda sina haja ya kuizungumzia.

Usiku nao una taratibu zake. Mnalala chali, mto ukiwa katikati ya mapaja ili miguu isikutane, na kwa mtu aliyezoea kulala ubavu hilo ni jaribu kubwa. Chandarua lazima kichomekwe na mtu mwingine, kwa maana kukichomeka chini ya godoro ni kuinama na kujipinda kwa pamoja, na huyo mtu awe karibu kiasi cha kusikia mkiita, kwa kuwa mtatoka usiku. Umeme hukatika, hivyo tochi yangu ilikuwa shingoni kwa kamba. Dawa kali za maumivu hufunga choo; papai, maji ya kutosha na mboga ziwe tayari kabla hamjaanza kuzimeza, kwani kujikamua kwenye fremu mpya ni mateso ambayo hakuna haja ya kuyavumilia. Uvimbe wa mguu hushuka asubuhi na kupanda jioni kwa miezi, na kuchoka ovyo ni kawaida. Zipo siku nililia bila sababu ninayoweza kuitaja.

Kipindi chenyewe kwa wengi huenda hivi: masharti makali kwa majuma 6 hadi 12, magongo kuachwa taratibu katikati ya hapo kwa ruhusa ya daktari, kuendesha gari na kazi nyepesi kuanzia karibu na majuma 6, na mguu kuendelea kupata nguvu hadi mwaka mzima. Kwangu mimi, daktari aliporuhusu kukunja zaidi, sikurudi chini kote. Mkekani ninakaa nikiwa na mto mrefu na kwa muda mfupi. Jiko limebaki juu ya jukwaa lake, na wifi zangu ambao hawajawahi kuumwa nyonga wamejenga ya kwao. Kuchuchumaa nimeacha moja kwa moja.

Fremu ya choo na vile vibao vinne vya kitanda sasa viko kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja kwa kuteleza kisimani. Yeye ni mrefu kuliko mimi, kwa hiyo kabla ya kumpelekea tulichukua futi tukaenda kumpima, na fundi wa kuchomelea akairefusha miguu ya fremu. Watoto wake walitaka kuipeleka kama ilivyo ili kuokoa gharama. Niliwakatalia, na nikakaa pale gereji kwenye kiti kirefu mpaka kazi ikaisha.